UZI: Vita vya Buganda 1888–1892, chanzo kilikuwa dini, viti au bunduki? Na pwani yetu ya kusini ilihusika vipi?

Ngalawa ya Kusini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mjadala wa historia ya ziwa hili la Victoria ukifika Buganda, ule ufalme ulioko Uganda ya leo, huishia kwenye ubishi uleule. Huyu anasema ni dini tu, yule anasema ni Waingereza tu ndio waliowagombanisha. Wote wanarukia Januari 1892 na kuiacha miaka mitatu na zaidi iliyotangulia.

Naweka hoja, mnipige. Kulikuwa na duru nne za mapigano, na kabla ya kutaja chanzo lazima useme unazungumzia duru ipi.

Ya kwanza, Septemba 1888. Kabaka (mfalme) Mwanga alipanga kuwapeleka vijana "wasomaji", yaani waliofuata dini mpya, Waislamu kwa Wakristo, kwenye kisiwa na kuwatelekeza huko bila mitumbwi. Siri ikavuja, wakagoma kupanda, wakamgeuzia bunduki alizowapa mwenyewe. Akakimbia kwa mitumbwi kuja huku kwetu, akatua Magu. Kaka yake Kiweewa akawekwa kwenye kiti.

Ya pili, tarehe 12 Oktoba 1888. Haukupita hata mwezi na nusu, Waislamu wakawatimua Wakristo mjini. Kiweewa akakataa tohara, akaondolewa, akaingia ndugu yao Kalema. Wakristo wakakimbilia Ankole kwa mfalme wa huko, Mugabe Ntare.

Ya tatu, kuanzia katikati ya 1889 hadi Februari 1890. Mwanga akarudi kutokea Bukumbi, huku huku kusini, safari hii akiungwa mkono na Wakristo walewale aliotaka kuwaua. Mengo, mji mkuu, ikatekwa Oktoba 1889, ikapotea, ikatekwa tena.

Ya nne, Jumapili tarehe 24 Januari 1892. Wakatoliki na Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe, Lugard, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza, akiwa na Waprotestanti.

Sasa pima. Dini haielezi duru ya kwanza, kwa sababu Waislamu na Wakristo walisimama upande mmoja. Ukoloni hauelezi tatu za mwanzo, kwa sababu Lugard alifika Kampala tarehe 18 Desemba 1890. Jambo linaloonekana katika zote nne ni moja: nani agawe viti, yaani vyeo vya ukuu, na nani akalie.

Saa Nane

Mkuu, kipimo chako kizuri lakini umekitumia vibaya. Duru ya kwanza waliungana kwa sababu walikuwa wanauawa pamoja. Adui mmoja huunganisha hata wasiopatana, na alipoondoka uliona kilichofuata.

Halafu umeipita tohara kwa sentensi moja wakati ndiyo kiini. Uislamu ulifika ikuluni zamani, tangu mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Mwanawe Mutesa, baba yake Mwanga, alifunga Ramadhani miaka kama kumi kuanzia 1867, akajenga msikiti, lakini tohara hakukubali, kwa kuwa mila haikuruhusu Kabaka kumwagwa damu. Mwaka 1876 vijana wake Waislamu wakakataa nyama ya ikulu, wakisema imechinjwa na asiyetahiriwa. Akawaua. Miaka kumi na miwili baadaye mwanawe Kiweewa akapoteza kiti kwa jambo lilelile.

Kama ilikuwa viti tu, Oktoba 1888 Waislamu walikwisha kuwapindua Wakristo na viti vikubwa walikuwa navyo. Kwa nini wamwandame Kabaka wao wenyewe kwa tohara? Hapo hakuna saza (wilaya) wala ng'ombe wa kugombea. Hapo kuna imani.

Na wale Wakristo waliochomwa Namugongo kwa amri ya Mwanga tarehe 3 Juni 1886 hawakuwa wanagombea kiti. Walipewa nafasi ya kukana, wakakataa.

Karagwe Yetu

Saa Nane, kwa Namugongo sikupingi. Kwa tohara naomba nitofautiane nawe.

Kabaka alikuwa ndiye chemchemi ya viti vyote. Kabaka asiyetahiriwa anaweza kesho kugeuka Mkristo au kurudi kwa mizimu, na siku akigeuka, kila Mwislamu anapoteza kiti kwa neno moja tu. Kumtahiri ilikuwa kumfunga. Kalema aliyekubali kutahiriwa aliwaua wana na mabinti wa ukoo wa kifalme kwa wingi, ili asibaki wa kuwekwa badala yake. Hofu ilikuwa moja: mbadala.

Wasomaji wengi wanakwama kwa sababu hawajui kiti kilimpa mtu nini, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Buganda ya wakati ule ilikuwa na masaza kumi, kila moja na mkuu mwenye cheo chake. Kyaggwe ni Sekibobo, Buddu ni Pokino, Singo ni Mukwenda, Bulemezi ni Kangawo, Kyadondo ni Kago, Busiro ni Mugema, Mawokota ni Kayima, Gomba ni Kitunzi, Butambala ni Katambala, Busujju ni Kasujju. Juu yao Katikiro, yaani waziri mkuu. Chini yao wakuu wadogo mpaka kijijini. Ardhi ilifuata cheo. Ukipewa Upokino unapata migomba, watu wa kuilima, sehemu ya kodi, vijana wa kwenda vitani, na nyumba karibu na ikulu. Ukiondolewa unaondoka na mkeka wako na watu wako wa karibu, anaingia mwingine na wa kwake. Ardhi ya cheo haikuuzwa wala kurithiwa.

Kwa hiyo kiti kimoja kikubwa kikibadilika mkono, mamia ya watu chini yake wanahama au wanabadili bwana. Anayeiona dini na ardhi kama vitu viwili tofauti hapa ataendelea kubishana mpaka kiama.

Sasa Mwanga alifanya nini kabla ya 1888? Aliunda vikosi vipya vya vijana, akawapa bunduki na ardhi iliyomegwa kutoka kwa wakuu wa zamani, akawaruhusu kunyang'anya ng'ombe. Wakati huohuo aliwalazimisha wakuu wazima na vyeo vyao kuchimba ziwa lake karibu na Mengo, anayechelewa anatozwa faini. Wazee wakamchukia. Vijana nao akaanza kuwaogopa kwa nguvu aliyowapa. Alipotaka kuwamaliza Septemba 1888, hakuna mzee aliyemwinukia kumtetea. Hiyo ndiyo sababu alianguka bila vita vya maana, na haimo katika "dini" wala "ukoloni".

Mama Kemondo

Wanangu, mnazungumza kama vile bunduki ziliota shambani. Zote zilipita kusini mwa ziwa.

Njia ilikuwa hivi: Pwani, Tabora, kisha bandari za Usukuma, yaani Kageyi, Magu na maeneo ya Usambiro, kisha mitumbwi. Kwenda juu: baruti, fataki za kuiwasha baruti, magobore, nguo. Kurudi chini: pembe na watumwa. Kageyi ndiko msafiri Stanley alikoshusha mashua yake mwaka 1875, na wamisionari wa kwanza walivuka kutokea huku huku.

Mtumbwi mkubwa wa visiwa vya Sese ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti, bila msumari. Nyuzi zinalegea, maji yanaingia muda wote, lazima awepo mtu wa kuyakumba mchana kutwa. Haukati katikati ya ziwa. Unafuata pwani ya magharibi na visiwa, jioni unavutwa nchi kavu. Safari ni ya wiki kadhaa, na shehena ya baruti ikilowa imekwisha. Gobore lisilo na fataki ni rungu tu. Kwa hiyo jeshi lenye magobore mengi Mengo linaweza kushindwa na kundi dogo lililokata njia ya mitumbwi.

Hilo ndilo lililompata Kalema. Mwanga alipoondoka kusini mwaka 1889 na Charles Stokes, mfanyabiashara Mwairishi aliyewahi kuwa mtu wa misheni ya Kiprotestanti ya CMS, jaribio la kwanza kule Buddu walishindwa. Wakahamia Sese. Wasese wakawapa mitumbwi. Kuanzia hapo bandari za Buganda zilikuwa mikononi mwao, na Stokes akarudi kusini kuongeza silaha. Mwanga akasogea hadi kisiwa cha Bulingugwe, jirani kabisa na mji mkuu, na aliyekuwa Mengo hakuwa na mtumbwi wa kumfuatia.

Chanzo ni kitu kimoja, uwezo wa kupigana ni kingine. Bunduki hazikuanzisha ugomvi, lakini bila hizo ugomvi ungebaki wa ikulu, Kabaka angewamaliza wapinzani kwa siku moja kama ilivyokuwa kwa babu zake.

Ngalawa ya Kusini

Mama, shikamoo, na asante. Nashikilia hapo kwenye mitumbwi, nitairudia.

Saa Nane, jibu langu kwako lipo katika makubaliano ya 1889. Wakristo waliposhinda waligawana viti nusu kwa nusu. Katikiro akawa Mprotestanti, Apolo Kagwa, baada ya Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, kuuawa vitani mwaka huohuo. Kiti kinachofuata kikaenda kwa Mkatoliki, na hivyo wakapishana kushuka chini: mkuu wa upande huu, msaidizi wake wa upande ule. Wakaweka na kanuni: mkuu akibadili dhehebu, anaacha kiti.

Ukiiangalia haraka ni haki tupu. Ukiiangalia vizuri ni baruti.

Kwanza, kupishanisha kulimaanisha kila mkuu ana mpinzani chini yake na mwingine juu yake. Amri ya kawaida ya kukusanya kodi ikawa ugomvi wa madhehebu. Pili, Mwanga alielemea kwa Wakatoliki, na watu wengi hufuata alipo mfalme. Wakatoliki wakaona wengi wanakuja kwao, wakadai kila mtu awe huru kuhama dini na kiti chake. Waprotestanti wakaona kanuni ikiondolewa watabaki bila kitu, wakaing'ang'ania. Madai ya upande mmoja yalikuwa uhuru wa dhamiri, ya upande wa pili yalikuwa makubaliano yaheshimiwe. Yote mawili yana haki ndani yake, na yote mawili yalikuwa yanahesabu viti.

Mgeni Kirumba

Kwa hiyo Lugard anatoka mikono misafi? Naona uzi unamsafisha mzungu taratibu.

Karagwe Yetu

Hapana mkuu, hasafishiki. Ila awekwe mahali pake.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uligawa ziwa kwenye mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Mwanga hakuulizwa. Miezi michache kabla yake alikwisha kusaini na Carl Peters, Mjerumani, karatasi ambayo mkataba huo uliigeuza takataka. Lugard alikuja kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, si serikali, na tarehe 26 Desemba 1890 akapata saini ya Mwanga kwa shinikizo. Wakatoliki wakamwona ni wa Waprotestanti. Waprotestanti wakamwona ni wao. Bendera ya kampuni ikawa bendera ya dhehebu, hata makundi yenyewe yakaitwa Wafransa (Wakatoliki) na Waingereza (Waprotestanti) ingawa wote walikuwa Waganda.

Mwishoni mwa 1891 kampuni ikaamuru aondoke, fedha zimekwisha. Halafu marafiki wa misheni Uingereza wakachanga ili ibaki. Kila upande ukajua muda ni mfupi: Waprotestanti wakihofu kuachwa peke yao, Wakatoliki wakiamini wakivumilia kidogo tu mzungu ataondoka.

Cheche yenyewe ya Januari 1892 ilikuwa ndogo. Ugomvi wa bunduki iliyoibwa, Mprotestanti akapigwa risasi ndani ya ua wa Mkatoliki. Mwanga akahukumu kwamba marehemu alivamia ua wa mwenzake, hakuna hatia. Lugard akadai muuaji auawe. Mwanga akakataa. Lugard akagawa bunduki kama 500 kwa Waprotestanti.

Hapo ndipo kosa lake linapopimika. Mfalme alikuwa ametoa hukumu kwa mujibu wa sheria ya nchi. Mgeni akaitengua kwa kugawia silaha upande mmoja, huku vilima vyote vinatazamana: yeye Kampala, Waprotestanti Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Kabaka Mengo. Wakatoliki hawakushindwa kwa bombomu ya Maxim, ile bunduki ya rasharasha, peke yake. Mojawapo ilikuwa chakavu, iliyokwisha kuzungushwa Afrika katika msafara wa Stanley. Walishindwa kwa sababu Waprotestanti walipata silaha kwa mkupuo na walikuwa na ngome ya kurudia nyuma. Tarehe 30 Januari Bulingugwe ikashambuliwa, na hapo bombomu ilifanya kazi yake: watu walirundikana kwenye mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, wengi wakafa maji.

Lugard hakuutengeneza ugomvi. Aliuamua.

Saa Nane

"Aliuamua" ni neno zuri kwa mtu aliyechoma moto.

Msomaji wa Bugando

Naomba kuongezea upande wa vyanzo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu.

Karibu kila kilichoandikwa kilitoka kwa mshiriki. Apolo Kagwa aliandika historia ya wafalme wa Buganda huku akiwa Katikiro na kiongozi wa Waprotestanti. Lugard alichapisha simulizi yake mwaka 1893 akijitetea mbele ya umma wa Uingereza, wakati Wafaransa wanalalamika. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliandika barua na kumbukumbu za kila siku, nazo zina upande. Waislamu ndio walioacha maandishi machache kuliko wote, kwa hiyo Oktoba 1888 tunaisoma karibu yote kwa midomo ya waliofukuzwa. Ukikuta mwandishi anasema kwa uhakika Waislamu walikusudia nini siku ile, muulize amekipata wapi.

Njia inayosaidia: chukua yale masaza kumi aliyoyataja Karagwe Yetu, chora jedwali la safu nne, yaani kabla ya Septemba 1888, Oktoba 1888, mwanzoni mwa 1890, na Aprili 1892. Jaza jina na dini ya mwenye kiti. Usiandike neno "sababu" kabla ya jedwali kujaa. Kisha angalia mapigano yamekuja kabla ya kiti kubadilika au baada yake.

Kinachoharibu jedwali ni vyeo. Vitabu vinaandika "Pokino alisema", "Sekibobo alikimbia", na msomaji anadhani ni mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikodemo Sebwato, Mprotestanti, alikuwa Pokino. Baada ya mgawanyo wa 1892 akawa Sekibobo, na Upokino ukaenda kwa Alexis Sebbowa, Mkatoliki. Usipolijua hilo utaandika kwamba Pokino alibadili dini. Andika jina la mtu na mwaka kila mahali.

La pili ni barua dhidi ya kumbukumbu. Barua ya Januari 1892 haijui nani atashinda. Kitabu cha miaka mingi baadaye kinajua, na kinapanga sababu zielekee huko. Zikigongana, anza na barua, kisha uliza mwandishi alikuwa wapi siku hiyo. Mahali ambapo Kagwa na Mapadri Weupe wanakubaliana, wakati kila mmoja angependa kusema vingine, hapo kanyaga kwa nguvu.

Mgeni Kirumba

Nimeelewa, jedwali kwanza, matusi baadaye 😀

Ila mleta uzi uliahidi Magu na Bukumbi.

Ngalawa ya Kusini

Naam. Watu wetu hupita Magu bila kujua kwamba Kabaka aliwekwa pale kama mateka. Mwarabu aliyempokea alimshikilia na kumnyang'anya mali aliyokuja nayo. Akatoroka, akaenda Bukumbi kwa Mapadri Weupe, waliokuwa na kituo hapo tangu walipojiondoa Buganda mwaka 1882. Ng'ambo kidogo, Usambiro, alikuwapo Alexander Mackay wa CMS, ambaye Mwanga huyohuyo alimfukuza mwaka 1887. Mackay akafia huko Februari 1890.

Wamisionari wengine walikuja huku baada ya mapinduzi ya Oktoba 1888. Waprotestanti na Wakatoliki walisafirishwa ndani ya mashua moja ya CMS, Eleanor. Kiboko akaitoboa, wakazama karibu na kisiwa, baadhi ya vijana waliokuwa nao wakafa maji. Waliobaki wakaiziba na kuendelea. Miaka mitatu baadaye wafuasi wao walikuwa wanauana.

Hoja yangu kwa pwani ya kusini ni hii. Mwanga alikaa miezi mingi Bukumbi, na uamuzi wa nani amrudishe ulifanyika huku: Mapadri walikuwa naye, Stokes alikuwa na mashua na bidhaa, na wajumbe wa Wakristo waliokimbilia Ankole wakaja kumwomba arudi. Mackay aliwaonya wasimrudishe. Wangemsikiliza, huenda Wakristo wangemweka mwana mwingine wa mfalme, kama angekuwapo ambaye Kalema hajamuua. Mwanga alirudi akiwa na deni kwa waliomlisha, na Waprotestanti walilijua deni hilo tangu siku ya kwanza. Upendeleo wake kwa Wakatoliki mwaka 1890 na 1891 hauanzii Mengo, unaanzia Bukumbi.

Saa Nane

Hapo umenisogeza kidogo. Sijahama, nimesogea. Swali la mwisho: kwa nini Wakatoliki walipewa Buddu, wakati ni saza kubwa lenye migomba kuliko mengi? Mshindi hagawi mali nzuri.

Mama Kemondo

Kwa sababu tayari walikuwa huko, baba. Baada ya Bulingugwe, Mwanga na Askofu Hirth wa Wakatoliki walipitia Sese, kisha Buddu na upande wa Bukoba, kwa Wajerumani. Wakatoliki wakajikusanya Buddu wakawatoa Waprotestanti. Kuwang'oa kungehitaji vita vingine, na Lugard hakuwa na askari wala baruti ya hivyo. Alichohitaji ni Kabaka arudi Mengo, kwani bila Kabaka hakuna wa kusaini. Mwanga akarudi mwisho wa Machi 1892, mkataba ukaja Aprili. Wakatoliki Buddu, Waislamu masaza matatu madogo, Gomba, Butambala na Busujju, Waprotestanti karibu yote yaliyobaki. Familia nzima zikahama pande zote mbili. Kuna waliovuka mpaka kabisa. Misheni ya Kashozi, kule kwetu Bukoba, ilianza mwaka huohuo na Waganda hao Wakatoliki.

Lakini angalia ambacho hawakupewa: Sese. Lugard alijua kama ninyi mlivyojua sasa, mwenye Sese ana mitumbwi. Visiwa walivipata Aprili 1893 alipokuja Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, pamoja na saza la Kayima. Wakapata na Katikiro wao wa pili, Stanislaus Mugwanya. Waislamu waliasi mwaka huohuo wakabaki na Butambala peke yake. Na cheo cha Gabunga, mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, Portal alikigawa: Gabunga wawili, mmoja kila dhehebu.